Fundi Chochote

Mlangoni pa fundi mmoja wa cherehani palikuwa na ubao ulioandikwa: TUNASHONA CHOCHOTE. Watu walisoma ubao ule wakauamini. Walileta suruali, mapazia, miavuli, hata mpira wa miguu uliopasuka. Fundi hakujua kukataa. Asubuhi alitafuta uzi mweusi, mchana mwekundu, jioni alitafuta mwenye mwavuli. Mtaa ukamwita Fundi Chochote.

Alichoka kila siku, lakini kodi ya chumba ililipwa na shemeji yake, kaka wa mkewe. Kila mwisho wa mwezi shemeji alikuja, akakalia kiti pekee cha wageni, akauliza kila kitu, hata kwa nini mchuzi una chumvi. Fundi aliumia moyoni, ila angesema nini? Mkono mtupu haulambwi.

Siku moja, kwa haraka, fundi alitia kiraka cha ule mpira wa miguu kwenye makalio ya suruali ya shemeji. Jirani yao, mama mwoka mikate, alicheka hadi machozi. Kisha akauliza, "Fundi, mimi naoka mikate ya aina ngapi?"

"Moja tu."

"Basi. Unga ule ule, moto ule ule. Wewe kila mteja unaanza upya. Chagua kitu kimoja kinachohitajika kila mara, ukishone kwa wingi. Lakini kwanza uliza kama kina wanunuzi."

Fundi aliogopa kupoteza wateja wa viraka. Mkewe ndiye aliyekwenda kuwauliza wazazi shuleni. Wakamwambia sare zinauzwa mbali, na watoto hawaachi kukua. Basi wakaanza kidogo, siku mbili kwa wiki. Walikata kaptura kumi kwa pamoja, kwa vipimo vitatu na uzi mmoja. Mzazi alifika, akachagua, akaondoka nayo. Hakuna tena "njoo kesho". Miezi michache baadaye ubao ulisomeka: SARE ZA SHULE TU.

Shemeji akaja na bahasha ya kodi.

"Asante kaka, mwezi huu tumelipa wenyewe," dada yake alisema.

Shemeji alitafuta kiti. Kilijaa kaptura. Akasimama, akajishika makalio.

"Haya, shemeji, na hiki kiraka utanitolea lini?"

Fundi akanyoosha kidole ubaoni, kwenye lile neno la mwisho.