Mita Ngapi za Kitambaa

Soko la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika watu, kupita ni bega kwa bega. Fundi cherehani alisimama mbele ya meza ya mitumba, amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, lililomkaa kiunoni barabara, na kompyuta ameipakata kama mtoto wa jirani.

"Hiyo ni kama mpya, dada," muuzaji alisema. "Mwenyewe alikuwa anaifuta vumbi tu."

"Mwambie achomoe waya," sauti ilisema nyuma yake.

Muuzaji akachomoa kwa shingo upande. Kompyuta ikazima palepale.

"Betri imepumzika kidogo."

"Hiyo haijapumzika. Imezikwa."

Fundi aligeuka akicheka. Aliyesema alikuwa mwanamume mrefu, shati lake la samawati limepigwa pasi likanyooka, ila kifungo cha tumboni hakipo.

"Asante, kaka. Na mimi nikuambie la kwako," alisema. "Kitovu chako kinatusalimia sote hapa."

Mwanamume akajiziba kwa mkono, akacheka mpaka muuzaji naye akacheka. Akamsaidia kuchagua kompyuta nyingine, akaijaribu, akamwambia hiyo itamfaa. Walipoagana aliuliza, "Nikikuletea shati utaliponya?"

"Lilete. Ila uje umevaa jingine."

Alikuja keshoye. Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la rangi: cherehani dirishani, magauni yananing'inia ukutani, na mlangoni Shangazi, dada wa baba yake, akipiga pindo na kusikia kila kitu. Kabla kifungo hakijakaa, simu ilikuwa imelia na kulia tena.

"Inategemea urefu wako, mama... Mikono mirefu? Basi kitambaa kitaongezeka... Haya, karibu."

"Wote wanauliza mita ngapi wanunue?" mwanamume aliuliza.

"Tangu asubuhi. Nashona huku nimebana simu kwa bega, shingo imepinda. Ndiyo maana nikataka kompyuta. Nasikia mtu anaweza kuandika ukurasa, mteja akaweka vipimo vyake, ukamjibu wenyewe."

"Anaweza. Mimi naandika programu za kurasa za wavuti, ndiyo kazi yangu. Nitakuandikia mara moja."

"Sikusema uniandikie. Nifundishe."

Basi ikawa kila mchana, wakati wa mapumziko ya ofisini kwake, Mwandishi wa Programu, kama Shangazi alivyombatiza, anavuta kigoda karibu na cherehani. Lugha ya programu ilikuwa PHP. Siku ya kwanza alimwonyesha mstari mmoja tu: echo "Hujambo";

"Hilo neno la mwanzo linaiambia seva, kompyuta inayotunza ukurasa, iseme," alieleza. "Cha kusema unakifunga ndani ya alama za nukuu. Mwishoni, nukta mkato."

"Nukta mkato ni fundo la uzi."

"Ndiyo hasa. Usipofunga, mshono wote unafumuka."

Akaandika. Ukurasa ukatoka mweupe pee. Akakodolea macho, akaona hakufunga fundo, akalifunga. Neno likatokea: Hujambo. Fundi akaliangalia huku mikono imefunika mdomo. Mwanamume hakuliangalia neno, alimwangalia yeye, mpaka Shangazi akakohoa mlangoni.

Jioni simu ikalia.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula mawazo."

"Ya nani?"

"Ya fundi mmoja."

"Mafundi ni wengi mjini."

"Huyu ulimi wake ni sindano, mpenzi. Ukishachomwa hukosei mtu."

Fundi akajifunika uso kwa mto, ingawa chumbani hakuwa na mtu wa kumwona.

Mapenzi yalikwenda vizuri kuliko programu. Kusalimia ilikuwa rahisi. Kuhesabu kukamtoa jasho. Ukurasa ulikaa siku mbili tatu hauoneshi kitu, na ukionesha ni makosa matupu. Hakulalamika. Alishona, akaandika, akafuta, akashona. Ila macho yake yalipoanza kuingia ndani kwa uchovu, mwanamume alishindwa kuvumilia.

Jumamosi asubuhi mteja alipiga simu. "Hongera, dada. Nimeona ukurasa wako. Una maua, una picha yako, nimeweka vipimo vyangu nimejibiwa papo hapo. Kumbe umesoma."

Fundi akaketi. Mchana mwanamume aliingia amevaa suruali yake ya kijivu ya kutokea, na tabasamu pana.

"Umeuona, laazizi?"

"Nani ameuandika?"

"Mimi. Nilitaka uamke ukute umekwisha."

"Niliomba hivyo?"

"Ulikuwa unateseka."

"Nilikuwa najifunza." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nilikuwa na mchumba kabla yako. Alikuwa akipokea simu zangu, akinichagulia vitambaa, akinijibia hata nikiulizwa habari ya mwili wangu. Mwisho akachagua mwanamke mwingine, hilo nalo bila kuniuliza. Na leo wateja wananipongeza kwa kitu nisichokiweza. Utoe ule ukurasa."

"Nitautoa." Tabasamu lilikuwa limemkauka. "Na mimi nijitoe?"

Hakujibiwa. Alichukua ukimya kuwa jibu, akaondoka. Fundi naye alikuwa akingoja aulize mara ya pili.

Ukurasa ukatoweka siku hiyohiyo. Simu za mwanamume zikatoweka nao.

"Mpigie," Shangazi alisema.

"Nitampigia nikiwa na cha kumwonyesha."

"Na usipokipata?"

"Nitakipata."

Aliandika upya tangu mwanzo. Sanduku la urefu wa gauni, sanduku la urefu wa mkono, kisha hesabu. Akafunga kila fundo. Ukurasa ukajibu, na Shangazi akaja kusoma kwa sauti.

"Nunua mita mia mbili na themanini nukta sita. Mwanangu, unamvika mtu au unalifunika jengo?"

Walicheka mpaka kinyozi akachungulia. Halafu Fundi akafuta machozi akarudia mistari yake mmoja mmoja kwa kidole, kama anayetafuta sindano zuliani. Kitambaa cha gauni, sentimita mia mbili themanini. Cha mikono, sitini. Katikati yake alikuwa ameweka nukta. Na nukta katika PHP, alikumbuka, huunganisha maneno, haijumlishi kitu. Iliibandika sitini mkiani mwa mia mbili themanini, zikawa sentimita 28060, yaani mita 280.6. Akaiondoa, akaweka alama ya kujumlisha.

Nunua mita 3.4.

Hakupiga kelele. Alijaribu vipimo vyake, vya Shangazi, vya kila gauni lililoning'inia ukutani, akilinganisha na kitambaa alichokikata kwa mkono wake. Vyote vikalingana. Ndipo akachukua simu.

"Halo," sauti ikaitika haraka mno.

"Kumbe unashinda na simu mkononi."

"Bado umekasirika?"

"Bado. Lakini njoo."

Alikuja anahema, shati jekundu limeloa mgongoni. Alisoma mistari yote kimya, akarudia. "Mimi nisingeandika hivi," alisema.

"Ni vibaya?"

"Ni vyako." Kisha akavuta pumzi. "Nilidhani nakupunguzia mzigo. Kumbe nilikupokonya. Nisamehe."

"Jaribu kwanza."

Kwenye sanduku la urefu hakuandika namba. Aliandika: mrefu kiasi. Ukurasa ukaharibika, ukajaa maneno ya makosa.

"Nani anaandika upuuzi huo?" Fundi aliuliza.

"Wateja wako wote."

Mkono wa mwanamume ukaelekea kwenye kibodi. Ukaishia njiani. Akaurudisha, akaikalia mikono yote miwili, mtu mzima na urefu wake wote, juu ya kigoda.

"Uchunguze kwanza kama ni namba," alisema. "Namna gani, utaniuliza ukitaka."

Fundi aliitazama ile mikono iliyokaliwa, akatabasamu. Akaigeukia kompyuta.

"Itachukua muda," alisema.

"Sina pa kwenda. Nataka kukuoa."

Vidole vyake vikasimama. Mlangoni Shangazi akaacha kupiga pindo.

"Ngoja nimalize," Fundi alisema.

Mwanamume akangoja. Aliulizwa swali moja, akalijibu, akanyamaza. Mara mbili ukurasa ulikataa, na mara mbili aliona kosa akalimeza. Mwishowe Fundi akaandika tena: mrefu kiasi. Ukurasa ukajibu kwa adabu: Tafadhali andika namba.

Fundi akafunga kompyuta, akageuza kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Haya," alisema. "Ulikuwa unasema nini?"

"Nilisema nataka kukuoa."

"Hapo umesema. Sasa niulize."

Akamwuliza.

"Ndiyo," akasema Fundi, na Shangazi akafunga mlango ili watu wa nje wasubiri kidogo.