Koti la Kasuku

Fundi cherehani alijua kuwa masika yamekaribia wapagazi walipoanza kumletea nguo za kutia viraka. Mume wake naye alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima, iwe jua, iwe mvua.

Msimu huu fundi alimshonea mumewe koti jipya. Lilikuwa la kitambaa cha pamba, tabaka mbili, na katikati alijaza pamba. Lingine kama hilo alimshonea Kasuku, rafiki wa mumewe. Jina hilo Kasuku hakupewa bure. Akianza kusema, chai inapoa kwenye birika. Fundi alimpenda, lakini kwa mbali kidogo.

"Shemeji, hili si koti, ni nyumba!" Kasuku alisema alipolijaribu.

Fundi akacheka. Nani asiyependa sifa?

Jioni wifi yake alikuja kumuaga kaka yake. Alikuwa muuguzi katika zahanati iliyo chini ya mlima. Aliliinua lile koti, akaligeuza ndani nje.

"Wifi, umeshona vizuri. Lakini kaka asipande nalo."

Maneno hayo yalimchoma fundi. Mawifi! Wakikosa la kusema juu ya chumvi ya mboga, watasema juu ya koti.

"Nimejinyima usingizi ili kaka yako asione baridi," alijibu. "Liguse. Si zito hilo?"

"Ni zito. Likiwa kavu lina joto. Likilowa, je?"

Wifi hakubishana zaidi. Aliomba ndoo ya maji. Akalitumbukiza koti, pamoja na sweta lake kuukuu la sufu alilokuwa amelivaa. Kisha akavikamua vyote viwili.

"Sasa tia mkono mmoja kwenye koti, mwingine kwenye sweta. Simama hapo mlangoni."

Nje upepo ulikuwa unavuma. Mwanzoni mikono yote miwili iliona baridi. Baadaye mkono wa sweta ukatulia. Mkono wa koti ulizidi kupoa mpaka vidole vikafa ganzi, na koti lenyewe likamvuta bega.

Fundi aliichomoa mikono. Machozi yalimlengalenga, wala si kwa baridi.

"Pamba inakunywa maji na kuyashika," wifi alisema kwa upole. "Sufu hata ikilowa inabakiza joto. Avae sufu, na juu yake koti la mvua. Nguo kavu za kulalia azifunge kwenye mfuko wa nailoni. Hizo asizivae njiani."

Mume alikuwa akipanga vitu vyake. Akauliza, "Na mtu akizidiwa na baridi, nitamjuaje?"

"Atatetemeka. Vidole vitamkataa. Atakuwa kimya. Mtoeni kwenye mvua, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu. Kama anameza vizuri, mpeni chai ya sukari. Pombe hapana, inapoteza joto la mwili. Akiacha kutetemeka na bado ni wa baridi, au ulimi ukiwa mzito, hapo ni hatari kubwa. Msimsugue, msimtembeze. Mfunikeni, waiteni waokoaji."

Asubuhi fundi alimfuata Kasuku mpaka kwenye lori la wapagazi.

"Shemeji, vua hilo koti. Nilikosea kulishona."

"Nyumba haivuliwi, shemeji!" Kasuku alicheka. Lori likaondoka.

Mvua ilinyesha juma zima. Kila ilipopiga bati, fundi aliuondoa mguu kwenye cherehani. Lile koti alilishona kwa mkono wake mwenyewe, na sasa aliliogopa.

Mumewe alirudi amejaa matope, lakini mzima. Fundi hakungoja hata avue viatu.

"Kasuku yuko wapi?"

"Ngoja nikae." Alikaa. "Kule juu, Kasuku alinyamaza."

Fundi alishika meza. Kasuku, kunyamaza!

"Wenzetu walisema, afadhali leo masikio yamepumzika. Mimi nikakumbuka maneno ya dada. Kugeuka, namwona anatetemeka, hawezi hata kufunga kifungo. Tukatua mizigo, tukasimamisha hema palepale. Tukamvua koti, nikamvisha nguo zangu kavu. Mmoja akatoa kichupa cha pombe, nikamkatalia. Tukamnywesha chai taratibu."

"Halafu?"

"Halafu akalalamika kwamba chai haina sukari. Hapo nikajua tunaye. Kulipokucha tukamteremsha."

Fundi alilia, akacheka, akalia tena.

Siku chache baadaye alikuwa akipunguza masweta ya sufu ya wapagazi. Sasa waliyaleta kwa mafungu. Sauti ya Kasuku ikasikika tangu barabarani. Alikuwa analeta zile nguo za kuazima, zimefuliwa na kukunjwa.

"Shemeji, nyumba yako inavuja!" alianza, na hakuishia hapo.

Siku nyingine fundi angekanyaga cherehani kwa nguvu ili asimsikie. Leo aliuondoa mguu, akasogeza kigoda.

"Kaa, shemeji," alisema. "Sema."