Nani Kakwambia Naitwa Chiriku?

"Ni nani huyo?"

"Nani tena?"

"Huyo anayekufanya usipokee simu zangu miezi miwili!"

Begi nilishafunga. Mume wangu, dereva wa lori, alikuwa ndiyo kwanza ametoka safari, amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake vya kazi. Nikamsogezea simu usoni asome ujumbe wake mwenyewe: "Niko barabarani. Usipige. Tutaongea nikirudi."

Na akirudi haongei! Mwanamume huyu nilimpendea kicheko. Akicheka macho yanafumba kabisa na mabega yanatikisika. Siku hizi nikimtania ananikodolea macho tu.

"Mke wangu, kaa chini."

"Nakwenda kwa kaka. Sema, nasikia."

"Wamefunga kamera kwenye lori. Inanitazama macho. Nikifumba inalia, inaandika kwamba dereva anasinzia."

"Sasa mimi nahusikaje?"

"Ukinipigia naweka simu kwenye spika, nacheka. Nikicheka macho yanafumba. Nina barua mbili za onyo. Ya tatu nafukuzwa kazi."

Hasira zikanipanda mpaka utosini. Miezi yote nalia na mto, kumbe mke mwenzangu ni kamera!

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mtu mzima nimekatazwa kucheka. Nakuambiaje?"

"Inuka. Twende ofisini kwenu."

Chumba kilikuwa na skrini ukuta mzima, kila skrini na uso wa dereva. Msimamizi wao akainuka kwa bashasha.

"Karibu, Chiriku! Leo tumekuona!"

Wafanyakazi wawili waliokuwa wakizitazama skrini wakaangua kicheko. Mimi nikaganda. Jina hilo ananiita mume wangu peke yake, tena kwenye simu tu. Nyumbani mimi ni "mke wangu".

"Nani kakwambia naitwa Chiriku?"

Mmoja wao akajifanya anatafuta kalamu.

Mume wangu akamgeukia msimamizi. "Bosi, nilitia saini kukubali picha tu. Kumbe mnasikiliza na sauti?"

"Ni kwa usalama, ndugu yangu."

"Usalama gani? Mke wangu akiniambia kitanda kimekuwa kipana, lori linapinduka?"

Madereva waliokuwa uani wakaanza kujaa mlangoni.

"Ina maana mlimsikia anacheka," nikasema, "na bado mkamwandikia kwamba amelala!"

"Mashine ndiyo inayoandika, shemeji."

"Usiniite shemeji! Barua zina saini ya mashine au yako?"

Akavuta karatasi kwenye droo. "Basi asaini hapa kwamba amekubali sauti. Hataki, aache funguo."

Mume wangu akaisoma yote, akamrudishia.

"Mpelekee mkeo kwanza. Mwambie kila akikupigia kuna watu watakaa wamsikilize. Akikubali, niletee nisaini."

Msimamizi akainamisha kichwa. Mume wangu akaweka funguo mezani. Dereva mmoja akapenya kutoka mlangoni, akaweka zake. Mwingine naye. Hadi saa sita hakuna lori lililotoka.

Siku ya tatu barua zikachanwa na vinasa sauti vikang'olewa. Kamera zilibaki, lakini onyo haliandikwi mpaka mtu aitazame picha na dereva aulizwe. Begi nilishafungua siku ileile tuliyotoka ofisini.

Wiki iliyofuata, mchana, simu ikaita. Ni yeye, yuko safarini.

"Chiriku wangu! Ongea sasa, tuko wawili tu."

Nilikuwa na maneno ya miezi miwili. Nikaanza, nikajikuta nanong'ona. Jikoni kwangu mwenyewe, peke yangu, mlango nimefunga.

"Mbona sauti ndogo hivyo?"

"Sijui, mume wangu."

Kazi yake waliirudisha. Hili lingine hawajalirudisha, na sijawasamehe.