Kahawa Asiyoitafuna

Msimu wa senene, soko la Bukoba halina mstaarabu. Watu hukanyagana vidole kwa ajili ya mdudu, na ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile Kokushubila aliponyoosha mkono kushika kopo la mwisho la senene waliokwisha kukatwa mabawa, akakuta mkono mwingine umelishika upande wa pili.

Mwenye mkono alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama, begi la mafundi wa sola begani.

"Kaka, nimeliona mimi kwanza."

"Ulikuwa unaliona, dada. Mimi nilikuwa nimelishika."

Muuzaji akacheka. "Muachie Rutaihwa, dada. Msabato wa watu, hana starehe nyingine duniani. Pombe hanywi, kahawa hanywi, kambale hali."

"Msabato anakula senene?" Koku alishangaa.

"Soma Walawi kumi na moja," Rutaihwa alijibu kwa utulivu. "Panzi ametajwa na ameruhusiwa. Kambale ndiye aliyekosa magamba."

Koku alicheka mpaka akaliachia kopo. Waligawana nusu kwa nusu, wakapeana na namba za simu, na kabla msimu haujaisha watu wa sokoni walikuwa wameshaacha kuwauliza kama ni wapenzi.

Koku alikuwa fundi cherehani, ana kibanda chake karibu na soko, na magauni aliyojishonea yalimkaa mpaka wateja wakawa wanaagiza "kama hilo ulilovaa." Alikuwa Mkatoliki wa kubatizwa, kuimba kwaya na kugombana na paroko kuhusu sare za kwaya. Hakutaka kumbadili Rutaihwa, na Rutaihwa hakuwahi kumwambia abadilike. Tatizo la Koku lilikuwa moja tu, nalo ni wivu. Angeweza kumwonea wivu hata mteja aliyefungiwa sola.

Na kuliko wote aliionea wivu Jumamosi. Kila Ijumaa jua likikaribia kuzama, Rutaihwa alimpigia, "Usiku mwema, mpenzi wangu, tutaongea kesho jioni," kisha akazima simu. Alizima kabisa, mpaka jua la Jumamosi lizame.

"Huyo Sabato ni mke mwenza," Koku alimlalamikia mama yake. "Tena mke mkubwa. Ana zamu yake na haikosi."

"Afadhali unajua siku anayokuwa naye," mama yake, Adventina, alimjibu. "Wengine hatukuambiwa."

Ijumaa moja walikwenda wote wawili Ijuganyondo kumwona Adventina. Mwenyeji wa Kihaya hasemi jambo na mgeni kabla ya akamwani, kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, inayotafunwa. Adventina alimsogezea Rutaihwa kikapu kidogo. Rutaihwa alipiga goti moja, akachukua kwa mikono miwili.

"Asante, mama. Unajua sitafuni. Lakini heshima yako siwezi kuiacha hapa. Naomba unifungie."

Ilikuwa mara ya tatu sasa, na kila mara Adventina alimfungia kwenye kipande cha jani la mgomba bila kumuuliza inakwenda wapi. Koku ndiye aliyewahi kuuliza, mara ya kwanza, kwa mzaha wenye meno.

"Inakwenda kutupwa mtaroni. Wasabato mnajua kupokea, kula hamjui."

Rutaihwa siku ile alikitia kifurushi mfukoni, na tangu hapo hakulizungumzia.

Alipoaga na kuondoka, Koku aliona amesahau koti lake kwenye kiti. Alilichukua akaita bodaboda, akamfuata mjini. Alimkuta stendi, lakini hakumfikia. Alisimama mbele ya duka la vocha.

Rutaihwa alikuwa amesimama kando ya basi la Muleba na msichana mwenye gauni la njano, mweusi wa kung'aa, kiuno kimekaa mahali pake. Koku alilipima lile gauni kwa jicho la kazi, akatafuta kasoro kwenye mshono, akakosa. Kisha akaona kile kifurushi cha jani la mgomba kikitoka mfukoni mwa Rutaihwa. Msichana alikunja goti, akakipokea kwa mikono miwili, akakitia kifuani.

Akamwani ya mama yake! Msichana wa Kihaya hapokei akamwani kutoka mkononi mwa mwanaume namna ile, kwa goti na mikono miwili, kama hana naye agano. Basi liliondoka, Rutaihwa akapunga mkono, akapotea katika watu. Koku alimwendea mpiga debe.

"Yule mwenye gauni la njano ni nani?"

"Oliva? Wa Kimwani huyo. Anauza mchele hapa, Ijumaa anarudi kwao."

Kimwani, na kwao Rutaihwa ni huko huko Kimwani! Moyo wa Koku ulijijibu wenyewe. Ana mke kijijini. Simu haizimwi kwa ajili ya Mungu, inazimwa kwa ajili ya mke.

Alipiga simu. Jua lilikuwa bado kidole kimoja juu ya vilima.

"Mpenzi! Nilikuwa nataka kukupigia nikuage."

"Uko wapi?"

"Naingia nyumbani. Nimesahau koti kwenu, eh?"

"Ulikuwa na nani?"

Akasita kidogo. Koku alikusikia kule kusita, akakuhesabu kuwa ushahidi.

"Na watu wa stendi tu. Koku, sauti yako vipi? Kama kuna neno niambie sasa, jua linazama."

"Zima," Koku alisema. "Zima simu yako, mtu wa Mungu."

Akakata yeye. Baada ya robo saa roho ikamuuma, akapiga, na mwanamke wa mtandao akamwambia namba haipatikani. Hata huyo alimwonea wivu. Alipiga tena, akapiga tena, kama mtu anayebisha hodi nyumba aliyoona wenyewe wakitoka.

Asubuhi angeweza kwenda kanisani kwa Wasabato, amtoe nje, amuulize mbele ya kwaya yao. Alifika hadi kwenye kona, akasikia wanaimba, akaona aibu. Ugomvi wake haukuwa na wale watu. Akageuza, akarudi nyumbani, akavaa viatu vya chini, maana vya juu havifai mahali penye kupigana, akapanda gari la Muleba, na kutoka Muleba akapanda la Kimwani.

Nyumbani kwa akina Rutaihwa palijulikana. Alielekezwa hadi kwenye nyumba ya bati iliyozungukwa na migomba. Uani, Oliva alikuwa anapepeta mchele, leo amevaa kanga kuukuu. Bado alikuwa mzuri. Hilo lilimuuma Koku zaidi.

"Hodi. Mke wa Rutaihwa ni wewe?"

Oliva aliweka ungo chini polepole. Alimtazama gauni, akamtazama viatu.

"Wewe ni Koku wa cherehani."

"Nimeuliza swali, dada."

"Mimi ni jirani. Nilitaka kuwa hilo ulilolisema, sikufichi. Nilimtaka kwa miaka, na bibi yake alinitaka pia. Yeye akanifanya mtu wa kubeba kahawa ya mama yako. Sasa niambie, kati yetu nani alie?"

Koku alishusha macho kwenye ungo.

"Unaibeba kwenda kwa nani?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Kwangu," ilijibu sauti kutoka mlangoni.

Alikuwa bikizee mwembamba, rozari shingoni, Ma Renatha, bibi aliyemlea Rutaihwa. Alimkalisha Koku kwenye mkeka na kumsikiliza mpaka mwisho, koti, stendi, simu na yote. Kisha akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Mjukuu wangu nilimlea kwa rozari hii. Alipoingia Usabato nililia, jamani waitu, nikasema nimempoteza. Lakini kila akija, Jumapili ananishika mkono hadi mlango wa kanisa. Haingii. Anakaa kwenye benchi la nje mpaka misa iishe, ananirudisha. Nikamuuliza, kwa nini usikae nyumbani? Akasema, 'Bibi, mimi siamini unavyoamini, lakini wewe ni wangu.' Basi nikaacha kulia."

"Na kahawa?"

"Akamwani ikishapokelewa lazima iliwe na mtu wa nyumba iliyopokea. Yeye dhamiri yake inamkataza. Kuikataa ni kumtukana mama yako, na kuitupa ni kumtukana zaidi. Kwa hiyo ananitumia mimi, natafuna badala yake. Mama yako anajua kuchemsha."

Koku aliinamisha kichwa. "Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema ulimwambia anaitupa mtaroni," Oliva alidakia. "Mtu akishahukumiwa, akijieleza anaonekana mwongo."

Ma Renatha alifungua jani la mgomba, akachagua tunda moja lililokauka, akalibana kwa meno machache aliyobaki nayo. Ganda likapasuka, zikatoka punje mbili, zimelaliana mgongo. Moja akaitia kinywani. Ya pili akamwekea Koku kiganjani.

"Tule sisi, kwa ajili ya yule mkaidi."

Koku alitafuna. Ilikuwa chungu, kisha ikanukia kwao.

Mchana ulikuwa mrefu. Oliva alisema, "Nina namba ya mzee wa kanisa lao, yeye hazimi. Nikuitie?"

"Hapana," Koku alisema. "Ngoja jua lizame. Ni siku yake."

Alimsaidia Oliva kupepeta mchele. Hawakuwa marafiki, lakini mchele ulipepetwa. Jua lilipozama nyuma ya migomba, simu ya Koku iliita papo hapo.

"Koku wangu! Tangu jana sijalala. Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nilikuona na Oliva stendi, nikaingiwa na wivu."

"Mungu wangu. Uko wapi nije?"

"Kimwani. Kwa bibi yako. Nimeshatafuna kahawa iliyokushinda."

Ikasikika sauti ya mtu anayelia huku akijifanya anakohoa.

"Basi nitakuuliza hapa hapa. Utaweza kuishi na mwanaume anayezima simu kila Ijumaa?"

"Na wewe utaweza kuishi na mwanamke anayeionea wivu hata siku ya Mungu?"

"Nitakusindikiza misa kila Jumapili."

"Hadi benchi?"

"Hadi benchi, mpenzi."

"Basi nimekubali. Ila kuanzia leo kahawa ya mama yangu nitaibeba mimi. Oliva apumzike."

Uani, Oliva alicheka peke yake, akaufunika mchele.

Ijumaa iliyofuata, jua likiishia, walikuwa wamekaa wawili barazani Ijuganyondo. Koku alinyoosha mkono, akaichukua simu ya Rutaihwa aizime yeye mwenyewe. Kabla ya kuizima, aliiba jicho kidogo aone ni nani aliyepigiwa mwisho.

Alikuwa yeye. Akaizima.