Mtoto wa Huku, Baba wa Ng'ambo

Mvua ya Aprili ilishuka Kyela mjini bila kubisha hodi. Dakika moja wauza mchele wa Bondeni walikuwa wakiita wateja, dakika ya pili kila mtu alikuwa anakimbia na gunia kichwani akitafuta pa kujibanza. Baraza la Prisca lilikuwa dogo, lakini siku ile lilimeza watu kumi na wawili, mikungu minne ya ndizi, na mwanamume mmoja mrefu aliyebeba mtoto wa kike mgongoni huku ameficha bahasha ya kaki ndani ya shati lake la drafti.

Prisca alikuwa ndani, nyuma ya taipureta yake, amevaa gauni la kitenge cha bluu lenye mikono ya puto. Mlangoni aliandika kwa mkono wake: TUNAPIGA CHAPA, TUNAJAZA FOMU ZA AINA ZOTE. Mwaka ule wa 1996 kila mtu Kyela alikuwa anaomba kitu serikalini, awe mwenye duka, mwenye basi au mwenye shamba la kakao, na wengi walianzia kwake.

"Baba, ile mashine inagombana na karatasi," mtoto alisema kwa Kingonde, lugha ya Karonga huko Malawi, ambayo Mnyakyusa hahitaji mkalimani kuielewa.

"Haigombani, inaongea," Prisca akamjibu kwa Kinyakyusa. "Njoo uisikie. Unaitwa nani?"

"Mercy."

"Mercy, bonyeza hapa. Hiyo ndiyo herufi yako."

Baba yake akacheka, akaingia akichuruzika maji. "Ndaga fijo, asante sana, dada. Umeniokoa. Tangu asubuhi ananiuliza maswali, majibu yameniishia."

"Na wewe una fomu humo kifuani, au umeficha mkate?"

"Umejuaje?"

"Watu hawakumbatii mkate hivyo."

Akaitoa bahasha. Jina lake lilikuwa Andongwisye, fundi wa magari. Alizaliwa Busale, maili chache tu kutoka pale, lakini alivuka mto Songwe akiwa kijana na kupata kazi Malawi, kwenye karakana ya mabasi. Huko alioa, na huko ndiko mkewe alikofia miaka miwili iliyopita. Sasa alitaka binti yake apate uraia wa Tanzania, aishi na bibi yake Busale na asome huku.

"Nina kibali cha mpakani cha siku kumi na nne," alisema. "Bwana Aliko wa uhamiaji amenipa miadi Ijumaa, karibu wiki mbili kutoka leo. Mafaili ya mwezi huu yanakwenda Dar es Salaam siku hiyohiyo. Nikichelewa, narudi na mwanangu nilikotoka."

"Basi tusichelewe," alisema Prisca.

Kazi ya siku mbili ikachukua tisa. Kila asubuhi Andongwisye alikuja na sababu: leo jina la bibi limekosewa, kesho tarehe ya ubatizo haisomeki. Siku asiyokuwa na sababu, alifungua taipureta na kuipaka mafuta.

"Fundi, hiyo siyo injini ya basi."

"Ina meno, ina springi, ina dereva mzuri. Imekosa nini?"

"Imekosa amani."

Jumapili walikwenda ufukweni Ngonga, Mercy akitangulia mbele peku. Ziwa lilikuwa limetulia, na milima ya Livingstone ng'ambo ya maji ilikuwa ya zambarau. Walikula kwa mikono samaki mbasa wa kuchoma, na mtoto alipokwenda kukusanya kokoto, Andongwisye aliacha kula.

"Prisca, sijui kuzunguka. Nataka unioe." Akajikanyaga. "Yaani, nataka nikuoe mimi."

Prisca alicheka mpaka akapaliwa na mwiba. "Siku tisa, Ando?"

"Kwa fundi siku tisa ni nyingi. Gari bovu nalijua kwa mlio tu."

"Kwa hiyo mimi ni gari?"

"Wewe siyo bovu, mpenzi wangu."

Prisca alimwita Mercy waondoke, lakini njiani kurudi alimwacha Ando amshike mkono, na usiku wa siku ile alijikuta akiimba peke yake jikoni.

Jumanne Andongwisye alimwachia bahasha nzima ili apige chapa nakala ya mwisho, akaenda Busale kumwomba mama yake awe shahidi. Prisca akapanga karatasi mezani. Cheti cha kuzaliwa cha Mercy kilikuwa kimekunjwa mara mbili, na alipokikunjua, karatasi nyingine ngumu ikaanguka. Ilikuwa na nembo ya Malawi. Ilisema kwamba Andongwisye, fundi, mkazi wa Karonga, amekula kiapo na amekuwa raia wa nchi ile.

Akaisoma mara tatu. Kisha akaitazama fomu. Swali la kumi na moja: *Je, mzazi mwombaji amewahi kuchukua uraia wa nchi nyingine?* Andongwisye alijibu kwa penseli: *Hapana.*

Aliporudi alasiri, alimkuta amekaa, mikono juu ya meza, mashine imefunikwa.

"Hii ni nini?"

Akaiona karatasi, akashika fremu ya mlango. "Prisca, ngoja."

"Nimengoja toka saa sita. Wewe ni raia wa Malawi."

"Walituambia karakana nzima, wageni wote: ama uraia ama uondoke. Nilikuwa na mke na mtoto mdogo. Ningefanyaje?"

"Kule ungefanya ulivyofanya. Lakini huku umeandika *Hapana*! Ulitaka niipige chapa kwa vidole vyangu, ukaape mbele ya hakimu, mama yako aweke dole gumba! Wakigundua, faili la mtoto linakufa, na sisi watatu tunalala ndani!"

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Ngonga? Mdomo ulikuwa unafanya kazi pale." Akasimama. "Sasa ndiyo naelewa. Siku tisa. Uliona binti wa fomu, anafahamika na maofisa, ukasema nikimwoa huyu nitapata karatasi."

"Siyo kweli!"

"Basi nikufundishe, maana hii ndiyo kazi yangu. Mwanamke mgeni akiolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa ndoa. Mwanamume mgeni akinioa mimi hapati kitu. Hapati! Umepoteza mbasa wako bure."

Akaichukua fomu yenye penseli, akaichana vipande vipande. Karatasi zilizobaki akazirudisha kwenye bahasha, akamsukumia.

Andongwisye akaichukua bahasha. Akaondoka. Asubuhi ya Jumatano alimshika Mercy mkono, wakavuka daraja la Kasumulu kurudi Malawi.

Alhamisi saa mbili asubuhi mwanamke mzee alisimama barazani, khanga zake zimelowa matope mpaka magotini. Alikuwa ametembea kutoka Busale.

"Mugonile, mama," Prisca alimsalimia kwa Kinyakyusa, akainuka kumpa kiti.

"Ndaga, mwanangu. Mimi ni Keziya, mama yake Andongwisye." Hakukaa. "Sikuja kukulaumu. Aliniambia mwenyewe amekosa. Nimekuja kuuliza kitu kimoja, maana sijui kusoma. Mjukuu wangu nimemwona wiki mbili katika miaka minane. Je, hakuna njia? Njia ya kweli, siyo ya kuiba. Kama haipo, uniambie, nilie mara moja yaishe."

Prisca alitaka kusema haipo. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini miaka minane ile ilimgonga masikioni. Mercy alizaliwa Machi 1988. Tarehe ile Prisca alikuwa ameipiga chapa mara nne. Na ile karatasi ngumu, aliyoisoma kwa hasira mara tatu, ilikuwa na tarehe gani? Akafumba macho mpaka akaiona: Septemba 1990.

"Mama," alisema polepole, "kaa. Kaa hapo usiondoke."

Akakimbia posta bila mwavuli. Alijua namba ya duka lililokuwa jirani na karakana ya Andongwisye. Andongwisye mwenyewe alikuwa amemwandikia nyuma ya risiti. Alisubiri kuunganishwa saa nzima, kisha dakika nyingine tano muuza duka akimfuata fundi.

"Haloo? Nani?"

"Prisca."

Waya ulivuma. "Umepiga umalizie matusi?"

"Matusi yapo, nitayamalizia siku nyingine. Nijibu. Mercy alizaliwa lini?"

"Unajua. Machi themanini na nane."

"Na wewe ulikula kiapo cha Malawi lini?"

"Septemba tisini."

"Sasa piga hesabu, fundi. Siku mtoto anazaliwa, baba yake alikuwa raia wa wapi?"

Mhudumu wa posta akatazama saa.

"Tanzania," alisema Andongwisye.

"Na mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa nje ni Mtanzania kwa kurithi. Ulichofanya wewe baada ya miaka miwili hakimvui uraia. Ile karatasi uliyokuwa unaificha, Ando, ndiyo inayomtetea! Inaonyesha tarehe!"

"Na mimi?"

"Wewe, hapana. Ukiitoa ile karatasi, umejifungia mlango mwenyewe. Kwao utakuwa mgeni."

"Wanaweza kunikamata?"

"Hujasaini uongo wowote. Niliuchana mimi. Ila siwezi kukuapia. Miadi ni kesho saa nne."

"Naogopa, Prisca."

"Hata mimi naogopa. Njoo na mtoto."

Ijumaa saa nne hakuwepo. Saa nne na nusu hakuwepo. Bibi Keziya alikaa kwenye benchi la uhamiaji, amekunja mikono mapajani, macho mlangoni. Bwana Aliko alitoka mara mbili kutazama gari la kwenda Mbeya, ambalo lilikuwa tayari linapakiwa mafaili ya Dar.

"Binti, nafunga orodha," alimwambia Prisca.

"Dakika kumi, mzee. Nakuomba."

Zilipobaki mbili, wakaingia, matope mpaka shingoni. Lori walilodandia lilikwama Kasumulu na njia iliyobaki walikuja kwa miguu. Mercy alimkimbilia bibi yake. Andongwisye hakumtazama Prisca. Alikwenda moja kwa moja mezani, akatoa vyeti viwili, akaviweka kimoja kando ya kingine.

"Hiki ni cha mwanangu. Hiki ni changu. Mimi ni raia wa Malawi, mzee. Toka mwaka tisini."

Bwana Aliko akavaa miwani. Akakisoma cha kwanza, akakisoma cha pili, akarudia tarehe kwa kidole. Kalamu yake iligonga meza.

"Kwa nini hukusema hivi mara ya kwanza?"

"Niliogopa kumpoteza."

"Watu wakiogopa hivyo ndiyo hupoteza." Akamgeukia bibi. "Mama, huyu ni mwanao wa kumzaa? Alizaliwa Busale?"

"Kwenye nyumba yangu, mvua ikinyesha kama ya leo."

Bwana Aliko akaandika kwa muda mrefu, akipiga muhuri mara tatu. Hatimaye akainua uso.

"Mtoto huyu ni Mtanzania. Faili linakwenda Dar leo likathibitishwe, na barua hii itamwingiza shule Jumatatu." Akamgeukia Andongwisye. "Wewe ni mgeni. Ukitaka kurudishiwa uraia, utaanza kama mgeni mwingine yeyote: uishi hapa kwa kibali miaka saba na zaidi, uombe tajnisi, yaani uraia wa kuandikishwa, na Malawi uiache. Na kama mna mawazo ya ndoa hapa," akawatazama wote wawili juu ya miwani, "haitakufupishia hata siku moja."

"Najua, mzee," alisema Andongwisye. "Nilishafundishwa."

Nje, Mercy aliikunjua barua asiyoweza kuisoma. "Baba, mimi ni wa huku?"

"Ni wa huku, mama."

"Na wewe?"

Andongwisye akachuchumaa mbele yake, matope yakipasuka kwenye suruali. "Mimi ni wa ng'ambo kidogo. Lakini daraja lipo."

Mtoto akamkumbatia shingoni asimwachie. Prisca aligeuka kuutazama ukuta.

Kazi ilimngoja Andongwisye Karonga Jumamosi asubuhi, na hakuwa na nyingine. Jioni Prisca alimsindikiza Kasumulu. Waliwapita wabeba sukari na vitenge, wabadilisha pesa, wapiga debe wa Mbeya, wakasimama daraja linapoanzia. Chini, Songwe ilikuwa imejaa, maji mekundu yakivuta magogo.

"Nilikosa," Andongwisye alisema. "Lakini Ngonga sikudanganya. Wakati ule hata sikujua sheria inasemaje kuhusu ndoa. Leo najua. Ukinikubali sipati karatasi, sipati muhuri, sipati hata siku moja. Nakupata wewe tu. Prisca, nakuomba tena."

"Na mimi nitapata nini? Mume wa mwisho wa wiki?"

"Wa mwisho wa wiki, na fundi wa taipureta. Na mtoto mmoja anayeuliza maswali."

Prisca alikuwa bado na hasira, alizihisi kabisa, zimekaa palepale. Lakini mtu huyu alikuja leo kwa miguu, akaweka mezani karatasi iliyomfukuza kwao, ili mtoto wake abaki.

"Ukinificha kitu tena, hata bei ya sabuni..."

"Sitaficha."

"Baba yangu yuko Ndandalo. Ni mkali. Umpelekee mshenga anayejua kukaa kitako, na useme wewe ni raia wa wapi kabla hajakuuliza."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Hiyo ni njia ya kwenda Ndandalo, Ando. Ukifika salama, ndiyo utaikuta huko."

Alifika salama, ingawa mzee alimweka juani kwa saa mbili nzima. Jumamosi ya kwanza ya Julai alivuka daraja akiwa na suti ya kijivu ya kuazima, viatu amevishika mkononi visipate matope. Kwenye dirisha la Kasumulu kijana wa uhamiaji aliichukua fomu yake, akaisoma, akaisoma tena.

"Madhumuni ya safari: kuoa," alisema kwa sauti, na foleni nzima ikaangua kicheko. "Utakaa siku ngapi?"

Nyuma ya kizuizi Andongwisye alimwona Mercy, amevaa gauni jeupe, anaruka akipunga mikono yote miwili.

"Zote mtakazonipa," alisema.