Kisia Kwanza, Ndipo Ubonyeze

Jioni, ng'ombe wakirudi zizini pale kijijini Mchombe, mzee Seni husimama langoni. Yeye hawahesabu. Anatazama rangi na pembe tu, kisha anasema, "Yule mwekundu hayupo." Na kweli hayupo.

Binti yake Nyamizi, wa darasa la tano, aliichukia hesabu. Kipindi chake kikifika, alitoroka kwenda machungani. Seni alichoka.

"Ukifeli tena, mwakani utabaki nyumbani."

Nyamizi alilia, maana shule yenyewe aliipenda.

Muhula huo mwalimu Evelina alileta kalkuleta ndogo inayotumia mwanga wa jua. Ghafla Nyamizi akawa wa kwanza kufika darasani. Badala ya kufurahi, Seni alipanda baiskeli hadi shuleni, kanuna.

"Shikamoo, baba Nyamizi," mwalimu alimwamkia.

"Marahaba. Mwalimu, mnawafundisha watoto au mnawalemaza? Mashine ikifikiri, kichwa kitafanya nini?"

"Karibu ukae, baba. Utaona."

Mwalimu akaligeukia darasa. "Eka moja inatoa magunia kumi na mawili ya mpunga. Eka nane za baba Nyamizi zitatoa mangapi? Kisieni kwanza."

"Hayafiki mia," alisema Nyamizi.

Mwalimu akampa Seni kalkuleta, akamwonyesha vitufe. Kidole chake kilizoea mpini wa jembe, si vitu vidogo kama vile. Alibonyeza, akasoma, akatabasamu hadi magego yakaonekana.

"Mia tisa na sitini! Kumbe mimi tajiri!"

Darasa likapiga makofi. Nyamizi hakupiga.

"Hapana, baba. Hayawezi kufika huko. Umebonyeza themanini, siyo nane."

Seni akarudia. Tisini na sita.

"Umeona, baba?" alisema mwalimu. "Mashine inafuata kidole tu. Kichwa ndicho kinachojua kama jibu linawezekana. Nawe ndivyo ufanyavyo zizini, kijiji kizima kinajua. Hawa wanakisia, wanabonyeza, na wakipishana na mashine wanaandika hesabu yote kutafuta kosa. Hapo ndipo wanapopata raha."

Seni alicheka kwa sauti. "Basi huyu kanirithi mimi!"

Nyamizi alifaulu, na Januari akaingia darasa la sita. Siku hizi jioni husimama langoni yeye, baba yake kando.

"Wote wapo, baba."

Seni hamwulizi mara ya pili. Anafunga lango, wanakwenda kula.