Chungu cha Kijitoni

Mashudu alikuwa msomi, na usomi wake ulikuwa ule wa kumcheka kila aliyemzidi umri. Asubuhi hiyo tulivu alikuwa akilipima shamba la mahindi la ukoo wa mkewe, kule Venda, kaskazini mwa Afrika Kusini, akiokota vya kale kabla halijapandwa parachichi. Mawe ya kuchonga ya wawindaji, vigae, shanga za buluu, mpaka chupa za Makaburu. Akavipanga jikoni, zama kwa zama, kama muuza nyanya.

Kwenye matope ya kijito alifukua chungu kidogo. Ndani mlikuwa na vifupa vyembamba kama njiti za kiberiti. Akakiweka kwenye rafu iliyo juu ya jiko, kikauke.

Shangazi wa mkewe, ambaye ukoo mzima humwita Makhadzi, alipoingia na kukiona hakuketi hata.

"Mkwe, watoto wasiotimiza miezi tunawazika chunguni, penye maji. Ukiwaanika wanashikwa na kiu. Kirudishe."

"Maiti hanywi, Makhadzi. Au tumletee soda?"

"Mkeo ana mimba kubwa, nawe unatania."

"Ushirikina huu ndio unaowaweka nyuma."

Mkewe, Azwindini, alishika tumbo akatoka jikoni.

Kesho yake ndoo ya jikoni ilikuwa kavu. Mashudu akasema imetoboka, akajaza nyingine. Adhuhuri nayo ilikuwa kavu. Sakafuni palikuwa na alama za viganja vyenye unyevu, vidogo kuliko kizibo cha soda, kutoka chini ya rafu hadi kwenye ndoo.

"Chura," alisema bingwa wetu.

Siku iliyofuata alama hazikwenda kwenye ndoo. Zilikwenda kitandani kwa Azwindini.

Zahanati, mkunga alimpima. Akampima tena.

"Maji ya mtoto yanakauka," alinong'ona. "Sijui yanakwenda wapi."

Hapo usomi ukamtoka Mashudu. Alikimbia kijitoni na chungu kifuani, akikiomba radhi njia nzima, yeye asiyeamini kitu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na lake lilikuwa limeshavunjika. Kabla ya kukifukia alichungulia.

Hamkuwa na mfupa hata mmoja.

Alipofika zahanati, mtoto alikuwa ameshazaliwa. Wa kike, mzima, analia vizuri. Mashudu akacheka kwa furaha, akaanza tena kusema habari za chura.

Makhadzi hakucheka. Alikuwa amekikunjua kiganja cha mtoto.

"Njoo utupimie na hiki, mkwe," alisema polepole. "Wewe si ndiye unayejua vya kale?"

Chini ya kila ukucha mlikuwa na udongo mweusi wa kijitoni, ungali mbichi.